Ishirini kwa Kila Mgonjwa

Mezani kwetu kiti cha dirishani kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Kilikuwa cha mtoto wa mama mdogo, niliyemzidi miezi mitatu tu lakini aliyeniita dada kwa adabu zote. Homa ilimharibu masikio akiwa na miaka sita, akaletwa kwetu ili asome shule ya karibu. Tukamwita Macho, maana alifuata mazungumzo kwa kutazama midomo ya watu. Ili aione midomo yako, lazima umgeukie. Basi Mama alimgeukia. Akipakua chakula, uso kwake. Akicheka, uso kwake. Hata akinigombeza mimi, uso bado uko kwake ili naye asipitwe. Nimekua nikiongea na kisogo cha mama yangu.

Sitaficha: nilimwonea wivu, tena wivu wa kukosesha usingizi. Tulisoma uuguzi chuo kikuu kimoja, darasa moja. Niliongoza mimi, yeye akawa wa kumi na kitu, lakini wageni wakija nyumbani sifa zote zake. "Na masikio yale, jamani!" Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, "Na huyu mwenye masikio yake mawili mazima, kaongoza!"

Mwaka wa tatu tulipelekwa wodi ya wanaume kwa mafunzo ya vitendo. Kila asubuhi kabla daktari hajapita, mwanafunzi hupima joto, presha na mapigo ya moyo, kisha huhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima na kuandika kwenye karatasi inayoning'inia miguuni mwa kitanda. Sasa dakika nzima ya kutazama kifua cha mtu, huku vitanda thelathini vinakungoja, ni ndefu mno. Kwa hiyo pumzi hatukuzihesabu. Tuliandika ishirini. Aliyelala, ishirini. Anayekunywa chai, ishirini. Ujanja huo tuliurithi kwa waliotutangulia na hakuna aliyeuona kuwa dhambi.

Macho alihesabu. Presha alipima kwa mashine inayoonyesha namba, na pumzi alizihesabu saa ikiwa mkononi, hacheki na mtu, mpaka dakika iishe. Karatasi zake zilikuwa na kumi na saba, ishirini na tatu, kumi na tisa. Wiki ya pili mkufunzi wetu wa vitendo, mama mmoja asiyependa maelezo marefu, akazikagua. Akaona zetu zinafanana, ila za Macho zinapishana nazo. Akakata kauli palepale: huyu hasikii, anabahatisha. Barua ikatoka kwamba kwa usalama wa wagonjwa aondolewe wodini, ahamie kozi ya utunzaji wa kumbukumbu. Maana yake asingekuwa muuguzi maisha yake yote.

Mama alilia. Mimi nilimpa Macho pole, na moyoni, niseme tu, nilisikia kaubaridi katamu. Nilikwisha kujiona nimekaa pale dirishani.

Macho yeye hakulia. Alichukua kitabu cha kanuni za chuo, kile tulichokuwa tukikiwekea vikombe, akasoma mpaka akakuta kifungu kinachosema mwanafunzi mwenye ulemavu haondolewi kwenye mafunzo kabla ya kuonyeshwa ushahidi na kusikilizwa. Barua zake mbili za rufaa zikapotelea masjala. Ya tatu aliipeleka kwa mkono, akakaa kwenye benchi la mkuu wa kitivo mpaka ikagongwa muhuri. Hata hilo liliniuma. Mimi nikikatwa alama moja siwezi hata kubisha hodi kwa mkufunzi.

Mkufunzi mwenyewe akaniita. "Wewe ndiye unayeongoza, na karatasi zako ni safi. Njoo kwenye kikao cha rufaa uwaeleze kazi inavyofanywa." Nikavimba kichwa, nikaenda kupiga pasi sare.

Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu wa kitivo, mzee mtaratibu anayevua miwani kila anapotaka kusikiliza.

"Wodini kunahitaji masikio," mkufunzi alianza. "Huyu hana. Ndiyo maana pumzi zake haziko sawa na za wenzake."

"Mwalimu, pumzi hazisikilizwi," Macho alijibu kwa ile sauti yake bapa. "Zinatazamwa kifuani."

Akaweka mezani nakala ya karatasi ya mzee wa kitanda cha sita. "Saa moja kamili mwenzangu kaandika ishirini. Saa moja na robo mimi nikamwona anahema, nikahesabu, nikaandika thelathini na nne. Mwalimu akaifuta yangu kwa kalamu nyekundu, akaandika ishirini. Saa nne mzee akakimbizwa kwa wagonjwa mahututi. Bado yuko huko."

"Kutoka ishirini hadi thelathini na nne kwa robo saa?" Mkufunzi alicheka kidogo. "Haiwezekani. Mmoja kakosea, na sidhani ni mwenye masikio mazima. Mzee alizidiwa baadaye."

Mkuu wa kitivo akavua miwani. "Basi tumuulize aliyepima saa moja. Ni nani?"

Upande wa sahihi Macho alikuwa ameukunja kwa ndani. "Sikuja kumshtaki mtu, mzee wangu," alisema. "Nimekuja nirudishwe wodini."

Alijua. Mwandiko wangu anaujua tangu darasa la kwanza. Angeweza kuikunjua ile karatasi akamaliza kesi, naye akaiacha ilivyo, anatazama midomo yetu mmoja mmoja. Hapo nilimwonea wivu kuliko siku zote. Alama nilimzidi, lakini wema alikuwa ananizidi! Nilikasirika kweli kweli. Nikaona nikinyamaza, ataondoka wodini akiwa bora kuliko mimi, na nitaishi na hilo mpaka kaburini.

"Ni mimi," nilisema, nikitazama viatu vyangu. "Sikuhesabu."

"Inua uso, dada," Macho akasema. "Sijakuona."

Ikabidi niseme tena, taratibu, macho kwa macho. "Ishirini ile ni yangu. Sikuhesabu. Huwa sihesabu. Wewe ndiye uliyepatia."

Barua ilifutwa siku hiyohiyo. Mkufunzi akatakiwa kujieleza kwa maandishi, nami nikapewa adhabu ya kurudia miezi mitatu ya vitendo.

Nyumbani nilimweleza Mama yote mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Tulikuwa mezani, Macho kwenye kiti chake cha dirishani. Mama akaweka kijiko chini, akanigeukia mimi. Uso wake wote. Macho akabaki na kisogo. Miaka yote nilikuwa nikiusubiri uso huo, na sasa sikuwa na pa kuyapeleka macho yangu.

"Yule mzee angekufa," Mama aliuliza polepole, "ungemwandikia ngapi?"

Nyuma yake Macho alikuwa akinyoosha shingo. "Dada, mama mkubwa anasemaje?"

Nikainua uso, nikamwambia neno kwa neno.