Pini Niliyoibadilisha Mahali Pote

Kuna Jumatatu moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa tangu hapo nimezaa, nimelea na nimezika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nachora mitambo katika karakana moja hapa Bunia, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wawili. Wazazi wangu, waliohamia hapa kutoka Butembo na duka lao la vitambaa, walimwambia kila mteja kwamba binti yao Masika anachora kwa kompyuta. Nawe unaanza kazi hiyo hiyo sasa, basi nisikilize kidogo.

Michoro yetu yote ilikaa ndani ya programu moja tuliyoiita ghala. Kifaa ulikichora mara moja tu, ukakiweka ghalani, na kila mtambo uliokihitaji ulikichukua humo. Ukitaka kukibadilisha, ghala lilikuuliza: nibadilishe katika mtambo huu tu, au mahali pote kinapotumika? Na kabla hujajibu lilikuwekea orodha ya mitambo yote inayokitumia. Orodha yenyewe ni ndefu, inachosha macho.

Wiki moja kabla ya Jumatatu ile, Enjinia Paluku, mkuu wetu, aliniambia nibadilishe pini ya kifuniko cha mashine ya kusaga mihogo. Vyuma vya milimita kumi na sita vilikuwa haba, na kifuniko hakihitaji nguvu. Kumi na mbili zilitosha. Nilikuwa na haraka, wala si haraka ya kazi. Ilikuwa ya majivuno. Nilitaka aone nimemaliza kabla hajamaliza chai yake. Nikabonyeza "mahali pote". Orodha sikuisoma.

Pini ile ile ilikuwa pia ndani ya mtambo wa kuvuta mitumbwi, tuliokuwa tunawatengenezea wavuvi wa Kasenyi, kando ya ziwa. Huko haikushika kifuniko. Ilishika kidole cha chuma kinachozuia gurudumu la kamba lisirudi nyuma, wakati mtumbwi mzito unapandishwa kutoka ziwani na watu wanausukuma kwa mabega. Matundu kwenye mchoro yalifuata kipimo cha pini, kwa hiyo mafundi walipotoboa na kuunganisha, kila kitu kiliingia sawasawa. Hakuna aliyeshtuka. Jumamosi mtambo ukateremka Kasenyi juu ya lori.

Jumatatu asubuhi nikafungua ile orodha kwa sababu nyingine kabisa, nikaona jina la mtambo wa Kasenyi limeandikwa chini ya pini yangu nyembamba.

Nilichofanya, mwanangu, ni hiki: nikarudisha pini ya zamani kwenye mchoro. Ghala likakubali bila neno. Kwenye kioo ikawa kama sijawahi kukosea, na mimi nikajilazimisha kuamini kwamba nimetengeneza. Simu ilikuwa pale mezani. Rezo, mtandao wa simu, ilikuwepo siku nzima. Nambari ya Ngabu, msimamizi wa wavuvi, nilikuwa nayo. Niliishika ile simu mara tatu, nikaiweka. Nikajiambia labda bado hawajaufunga mtambo. Labda kumi na mbili zitavumilia. Labda nimwambie enjinia kesho, akiwa na moyo mweupe. Kila pikipiki iliyosimama mlangoni nilidhani imeleta habari. Chakula sikukigusa, na nyumbani mama akanishika paji la uso akauliza kama ni malaria. Nikasema ndiyo, ni malaria.

Jumanne asubuhi Mzee Dheda akaingia ofisini kwangu. Alikuwa fundi wetu wa kuchonga vyuma, mtu wa Djugu aliyekimbia vita na familia yake, mwenye kusema polepole. Alishika karatasi mbili za mchoro wa pini ile.

"Masika, mutoto yangu. Hii karatasi ya leo inasema seize. Ile ya juma yenye ilipita ilisema douze. Njo gani ya kweli?"

"Seize, papa. Kumi na sita."

"Na ile ya Kasenyi?"

Nikamwambia nimesharekebisha, mchoro uko sahihi, aangalie mwenyewe kwenye kompyuta. Hakuiangalia kompyuta. Aliniangalia mimi.

"Ulirudisha mu masini. Na chuma yenye iko kule ku mayi, nayo ilirudi?"

Nikaigeuza ile simu kifudifudi mezani.

"Ulijua siku gani?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi," akarudia. "Na weye ulikunywa chai, ukalala. Na watu wanaweka mabega chini ya mutumbwi."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Tulimwambia enjinia, tukapiga simu. Rezo ya Kasenyi ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Tukapanda pikipiki, mimi na Mzee Dheda nyuma ya dereva. Kwenye kizuizi askari walizisoma karatasi zetu kama watu wasio na pa kwenda. Baada ya Bogoro barabara ikaanza kuteremka, ziwa likaonekana, na nilikuwa nahesabu zile kona kwa sauti bila kujua.

Jana yake walikuwa wamevuta mitumbwi miwili midogo bila shida. Tulipofika, mtumbwi mkubwa wenye injini ulikuwa katikati ya mteremko na wanaume wanane nyuma yake. Nikakimbia napiga kelele, "Mutoke nyuma! Mutoke!" Mzee Dheda akapaza sauti kwa Kilendu, lugha ya kwao. Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakinicheka. Ngabu alibaki kidogo, akitaka kusukuma gogo chini ya mtumbwi usije ukarudi.

Pini ikakatika. Nilisikia mlio mdogo tu. Mtumbwi ukarudi majini kwa kishindo, ukamgonga Ngabu mkono ukimpitia.

Hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini kiwiko chake hakikunyooka tena, na wavu hakuuvuta tena maisha yake yote. Alibaki kushona nyavu za wenzake. Jioni ile ile nilimfuata hospitalini nikamweleza yote, pamoja na ile Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jana simu yangu ilikuwa inashika, dada," akasema. "Siku nzima."

Enjinia alinitoa kwenye kompyuta miezi sita, nikachonga pini pamoja na Mzee Dheda mpaka vidole vyangu vikajua tofauti ya kumi na mbili na kumi na sita bila kipimo. Siku aliyonirudisha, nilisoma orodha yote mara mbili.

Basi, mwanangu, soma orodha. Kabla ya kubadilisha chochote kinachotumiwa na wengi, jua kinakaa wapi na kinamshikilia nani. Hata hivyo ipo siku utakosea, maana macho huchoka. Siku hiyo usianze na mchoro. Anza na mtu aliye karibu na chuma. Mpigie kwanza, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utafukuzwa kazi, kisha ndipo urudi kwenye kioo chako. Ile hofu ya kusema niliibeba siku moja tu. Mzigo wa kutosema ninaubeba mpaka leo.

Mungu akupe macho yasiyoharakisha na mdomo usiochelewa. Kazi ya mikono yako iwafikishe watu majumbani kwao wakiwa wazima, nawe ulale usingizi wenye amani.