Kinyozi Anayetembeza Watu Mitaa ya Nyuma

Mkwe wangu ni kinyozi. Kibanda chake kiko kati ya duka la vipuri na fundi viatu. Kina kioo kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka ambacho siku hizi hakizunguki, na benchi ambalo wazee wa mtaa wamejimilikisha. Watu humwita Mkasi. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na hao hao wazee wa benchi, kwa sababu ukitaka kumsikia akizungumza, lazima mkasi uwe mkononi mwake na uwe unalia.

Nieleze vizuri, maana wapo wanaodhani natia chumvi. Mkwe wangu ana kigugumizi. Wala si kile cha kurudia neno kidogo halafu likapita. Chake kinamkaba. Midomo iko tayari, mishipa ya shingo imesimama, na neno halitoki ng'o. Siku waliyokuja kumposa binti yangu, alitakiwa aseme jambo dogo tu, kwamba amempenda na atamtunza. Tulikaa. Chai ikapoa. Mwishowe mjomba wake akamsemea. Nikamvuta binti yangu jikoni, nikamwambia, "Huyu nyumba ikiwaka moto, mtaungua kabla hajasema moto."

Binti akanijibu, "Hatasema, mama. Atanivuta mkono tutoke."

Nikageukia jiko. Si kwamba nilishindwa kumjibu. Sufuria ilikuwa inafurika.

Lakini mpe mkasi na chanuo, halafu mpe kichwa. Mkasi ukianza chwa-chwa-chwa, ulimi nao unafunguka, maneno yanateremka kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Mashine ya umeme haimsaidii. Akinyoa kwa mashine yuko kimya kama gunia. Ndiyo maana wateja wanaotaka habari hukaa kitini wakasema, "Leo nipige mkasi," hata wale ambao kichwa chenyewe hakina cha kukata.

Na habari zake si umbeya. Ni habari za mji huu, zile ambazo hakuna aliyeziwekea kibao. Wazee wanakaa kitini, wanasema walichokiona na walichosikia kwa mama zao. Yeye anakata na kuuliza. Akitoka huyu, jambo lile lile analipeleka kwa mwingine, aone kama litasimama. Mzee wa benchi akifa, mkwe wangu anakosa usingizi. Husema, akiwa na mkasi bila shaka, kwamba mtu amezikwa na mtaa mzima umo ndani yake.

Mtu mmoja tu mtaani alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti kile, naye ni mume wangu. Mzee wangu ana nywele nyeupe, nyingi, anazionea fahari kuliko wanawe. Alikuwa akinyolewa ng'ambo ya soko. Ukimuuliza sababu anakuambia, "Mgeni akiniharibu kichwa nitamgombeza, nitaondoka zangu. Mkwe akiniharibu itabidi nicheke naye." Na mkwe hakuwahi kumkaribisha. Wakikutana njiani wanasalimiana kwa adabu kubwa, kila mmoja anatazama viatu vya mwenzake.

Sasa, siku moja mkutubi wa maktaba ya mji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimleta mwanawe kunyolewa. Alisimama mlangoni akisikiliza hadi mtoto akamaliza kunyolewa, na bado akawa amesimama. Wiki iliyofuata alikuja bila mtoto.

"Nataka uje kwetu Jumamosi," akamwambia. "Uzungumze kidogo ukumbini, kisha uwachukue watu uwatembeze mitaa ya nyuma, uwaonyeshe hayo unayoyasema hapa."

"Nitakuja," mkwe wangu akasema, laini kabisa, maana alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Alipouweka mkasi chini ndipo akaelewa amekubali nini.

Kuanzia hapo nyumba yao haikukalika. Binti yangu aliniambia mumewe anafanya mazoezi chumbani mbele ya kabati. "Kabati halimcheki, mama, na bado anakwama." Aliwahi hata kuchezesha mkasi hewani, lakini mkasi usiokuwa na kichwa hauna maana kwake, unalia tu na ulimi umelala. Na alikuwa amekwisha kuapa. Akishindwa siku hiyo mbele za watu, hajaribu tena. Atanyoa, atanyamaza, basi. Kilichomuuma zaidi ni kile kiwanja cha nyuma ya stendi ya mabasi. Kilikuwa kimezungushiwa mabati, wanataka kujenga maegesho ya magari. Alitaka habari ya kiwanja kile isemwe wazi angalau mara moja, watu wakiwa wamesimama pale pale, udongo wake ungali unaonekana.

"Lakini wewe usije, mama," binti akaniambia. "Akikuona ataogopa zaidi."

"Kwani maktaba ni ya baba yako? Ingekuwa ya baba yako ningejua, mimi ndiye niliyeolewa naye."

Tulikwenda, mimi na mzee wangu, tukakaa mstari wa mbele. Ukumbi ulijaa kuliko nilivyotarajia. Viti vya plastiki, meza yenye kitambaa cheupe, jagi la maji, na kile kipaza sauti kimesimama kama askari. Mkwe wangu alikuwa amepiga pasi shati mpaka mikono ina makali. Mikono yake mwenyewe ilikuwa inaning'inia tu, kama nguo kwenye kamba.

Mkutubi akamkaribisha kwa maneno mazuri, akakaa. Mkwe wangu akasogea.

"M-m-m..."

Kipaza sauti kikaibeba hiyo "m" mpaka kwenye madirisha. Akavuta pumzi, akaanza upya. Ikawa ile ile. Mtu akakohoa. Kijana mmoja huko nyuma akacheka kwa pua, na nikaona mwingine anainua simu. Mkutubi akawa anatazama sakafu. Binti yangu alikuwa ameushika mkono wangu, kucha zimeniingia. Jasho lilikuwa linamtoka mkwe wangu kwenye paji la uso, linashuka, naye hajifuti. Nikaona jicho lake limeenda mlangoni. Nikajua. Akitoka pale, ametoka moja kwa moja.

Nikasimama.

"Baba," nikamwita. "Mkasi uko wapi?"

Akagusa mfuko wa shati. Ulikuwamo pamoja na chanuo. Huwa hauachi nyumbani, kama wengine wasivyoacha funguo.

Kilichokosekana ni kichwa. Nikageuka kuangalia ukumbi. Wanawake wamefunga vitambaa, vijana wamenyoa vipara kama ilivyo fasheni yao, mkutubi amesuka. Halafu nikatazama kando yangu, na pale palikuwa na kichwa kikubwa, cheupe, kimesinzia.

"Mzee. Simama."

"Tumemaliza?"

"Hatujaanza. Nenda mbele ukanyolewe."

"Mimi? Nimenyolewa juzi juzi!"

"Hukunyolewa, ulipunguzwa."

Watu wakaanza kucheka, na kicheko hiki hakikuwa kile cha mwanzo. Mzee wangu akashika nywele zake kwa mikono miwili. "Mama watoto, kichwa changu hiki..."

"Kichwa hicho nakiosha mimi, nakipaka mafuta mimi. Leo nimekiazimisha. Nenda."

Akaenda kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Mkutubi, Mungu ambariki, aliondoa jagi, akavuta kitambaa cha meza, akamfunga nacho shingoni kama aliyekuwa akifanya kazi hiyo maisha yake yote. Mkwe wangu akainama mbele ya baba mkwe wake.

"Sh-sh-shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbele usiguse."

Mkasi ukaingia nyuma ya sikio. Chwa. Kimya. Chwa-chwa. Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza mkasi. Kisha nikaona mabega ya mkwe wangu yanashuka.

"Mji wetu una mlango wa mbele na mlango wa nyuma," akasema. "Wa mbele mnaujua, una mnara wa saa na bustani, wageni wanapiga picha. Wa nyuma walipita wachota maji, madobi na wagonjwa. Leo tunapita nyuma."

Hakuna neno lililokwama. Hata moja! Binti yangu akaniachia mkono, nikaona alama za kucha zake.

Alizungumza mpaka upande wa kushoto wa mzee ukawa safi. Ikafika saa ya kutembea, na hapo mkutubi akasitasita. "Sasa mzee je? Ananyolewa kwanza amalizwe, au...?"

"Akinimaliza hapa, huko mbele atazungumza na nini?" mzee wangu akamjibu. Akainuka na kitambaa chake shingoni. "Na mimi sibaki hapa na nusu kichwa. Twendeni wote. Mwanangu, beba kiti."

Basi tukatoka. Mbele mkwe wangu, nyuma yake mzee wangu, upande mmoja kichwa cha kijana na upande mwingine pamba tupu, kisha binti yangu na kiti cha plastiki, kisha umati. Mwuza magazeti akapiga kelele, "Mzee, umemkimbia kinyozi?"

"Nimkimbie wapi? Ndiye huyu ananitembeza!"

Tulisimama kwanza kwenye ukuta wa nyuma ya maktaba yenyewe. Kuna pete za chuma pale, watu wanafungia baiskeli. Kiti kikawekwa, mzee akakaa, mkasi ukaanza, na mkwe wangu akatuambia kwamba kwenye pete zile walifungwa punda wa mikokoteni ya maji, kabla mabomba hayajafika. Wachota maji waliwaita punda kwa majina ya wenye nyumba waliokuwa wakorofi wa kulipa, wapate kuwatukana hadharani bila kushitakiwa. Umati ukacheka hadi mzee akatikisika. "Tulia, baba, ni sikio," mkwe akamwambia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anamwamuru.

Tukaenda kwenye ngazi za benki. Kila mtu anajua mawe yale yana mabonde katikati, na kila mtu anasema ni viatu vya watu. Mkwe wangu akasema ni mawe ya madobi. Walikuwa wakifulia mtoni, wakayachimba mabonde yale kwa kupiga nguo, mtu na mama yake na bibi yake. Benki ilipojengwa mawe yaling'olewa, yakaletwa huku, na madobi wakaambiwa watafute pengine. Mama mmoja mwenye kikapu akainama akatia mkono kwenye bonde la jiwe. Wengine wakamfuata. Mlinzi wa benki alikuja kututawanya, akasikiliza kidogo, akavua kofia na yeye akagusa.

Mwisho tukafika nyuma ya stendi, kwenye mabati. Palikuwa na tundu, watu wakachungulia kwa zamu. Hamna kitu, majani na vifusi. Mkwe wangu akahamia mbele ya kichwa, pale alipokatazwa, na mzee wangu akafumba macho, akamwachia.

"Hapa palikuwa na nyumba ya wagonjwa wa ndui," akasema. "Aliyeingia hakutembelewa. Ndugu waliogopa hata kupita barabara hii. Mwanamke mmoja alikuwa anawapikia. Alipitisha chakula dirishani, na kila sahani aliipitisha na swali: una ujumbe gani nyumbani? Jioni alizunguka mitaani akiufikisha. Huyu anasema mbuzi asiuzwe. Huyu anasema mtoto aanze shule. Huyu anasema msinisubiri. Waliopona walikuwa wachache. Lakini hakuna aliyekufa humu bila nyumbani kwao kujua alichosema."

Mkasi ukanyamaza. Akapangusa shingo ya mzee, akakung'uta kitambaa, akatia mkasi mfukoni. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikifikiri tumefika salama.

Ndipo yule mama wa kikapu akauliza. "Huyo mpishi, mwanangu, habari zake umezijuaje?"

Mikono ilikuwa mitupu. Kichwa kimekwisha. Nikaona mishipa ya shingo inasimama kama siku ile ya posa.

"B-b-b..."

Nikafungua mdomo nimsaidie, na mzee wangu akanibana kiwiko. "Mwache," akaninong'oneza. Nikamwacha, nusura nipasuke. Nikageuka kuwatazama watu, na yeyote ambaye angecheka angenijua mimi ni nani. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamesimama wanamngoja, kama mtu anavyongoja jirani afungue mlango, bila haraka, maana wanajua yumo.

"B-bibi yangu," akasema. "M-mama yake baba. N-ndiye aliyenilea."

Na hakuishia hapo. Akaendelea, anakwama, anasimama, anaanza tena, akieleza jinsi bibi yake alivyokuwa akikumbuka hadi uzeeni ujumbe wote alioufikisha, akiusema jioni kama mtu anayehesabu wanawe. Ilichukua muda mrefu kuliko hadithi zote za mkasi, na hakuna aliyeondoka.

Miaka yote hiyo mimi ni mama mkwe wake na sikujua. Watu walipoanza kutawanyika nikamkabili.

"Jambo kama hili hukuniambia?"

"H-hukuniuliza, mama. Uliniuliza kama n-nina shamba."

Mzee wangu alicheka hadi akashika mabati. Sioni cha kuchekesha. Swali la shamba lilikuwa swali la haki, na ningeliuliza hata leo.

Mkutubi alikuwa tayari anampangia mkwe wangu Jumamosi nyingine, na watu wawili watatu wamemzunguka wanataka kujua kisima cha wale wachota maji kilikuwa wapi. Yeye anawajibu. Anakwama, anawajibu. Binti yangu akanisogezea kile kiti cha plastiki pale pale kando ya barabara, nikakaa nikamngoja amalize, bila haraka.