Chidem Chungu za Bibi Döne

Kazi yangu ni kupaka bati sufuria za shaba, na nimeifanya nikihama kijiji hadi kijiji tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Kijijini Kuzören nilikuwa nikifika theluji inapoanza kuachia miguu ya milima. Siku zote nilitua uani kwa Bibi Döne, mjane, kwa kuwa ukuta wake ulikata upepo, na, niseme kweli, kwa sababu ya dirisha lake. Kijiji kizima hakina jani, dirisha la Döne lina maua.

Aliyaotesha kwenye makopo ya jibini. Maua madogo, rangi ya waridi iliyopauka, hayana shina la kuonekana. Yamekaa tu juu ya udongo kama vikombe vya kuchezea mtoto. Vitunguu vyake, ile mizizi ya mviringo, alivichimba mwenyewe mlimani. Kila asubuhi aliyageuzia jua, kopo baada ya kopo, huku akiyasemesha kama mtu anayeamsha watoto.

"Chidem gani hizo, Döne?" majirani walimwuliza.

"Chidem tu," alijibu, akafunga dirisha.

Hazikuwa chidem tu. Hilo tulilijua sote siku ya pilau ya chidem.

Siku hiyo watoto wa kwetu hupanda mlimani na vijiti vya ncha ya chuma, wakachimba chidem za njano, maua ya kwanza baada ya theluji. Nyingine huzichomeka, ua pamoja na kitunguu chake, kwenye tawi la miiba, wakapita nalo nyumba kwa nyumba wakiimba, na kila nyumba hutoa ngano iliyovunjwa au siagi. Vitunguu vilivyobaki humenywa na kupikwa pamoja na ngano hiyo. Vitamu, kama njugu mbichi. Nilikuwa nimemaliza kuipaka bati sufuria yao kubwa, nanawa masizi, Döne akatoka na kopo tupu mkononi.

"Fundi, Elvan yuko wapi?"

"Mjukuu wako? Yuko kwenye pilau na wenzake."

Uso wake ukawa majivu. "Kopo hili lilikuwa na vitunguu vitatu. Ni chidem chungu, fundi. Kitunguu kimoja kinaua ng'ombe."

Akakimbia na ndala zake kwenye tope. Nikamfuata.

Hasibe, jirani yake mwenye ulimi mkali, ndiye aliyekuwa akikoroga. Siagi ilikuwa inachemka, watoto wameshika vijiko.

"Asile mtu!" Döne alipiga kelele.

"Ala! Njaa imekupanda kichwani?" Hasibe akacheka. "Subiri zamu yako kama fundi hapo. Yeye ana bakuli tangu asubuhi."

Döne alishika sikio la sufuria kwa upindo wa nguo. Hasibe akamdaka mkono.

"Unataka kumwaga neema ya Mungu? Siagi ya nyumba zote hii, wewe mwanamke!"

Kwetu chembe ya mkate ikianguka huokotwa, ikabusiwa, ikawekwa juu ya ukuta. Kumwaga sufuria nzima sikuwahi kuona.

"Yale maua yangu ni sumu," Döne akasema. "Niliwadanganya. Niliogopa mtaniambia niyatupe. Yamo humo."

Mwiko ulimdondoka Hasibe. Wakaipindua sufuria wote wawili, pilau ikatanda juu ya theluji ikitoa moshi.

"Nani ameonja?"

Hakuna. Ilikuwa moto bado. Lakini watoto wakimenya vitunguu hula vibichi, na sisi utotoni tulikula hivyo hivyo.

"Bekir," Hasibe akamwita mwanawe. "Ulikula vingapi?"

"Vingi, mama."

"Vilikuwa vichungu?"

"Sijui, mama. Nilimeza haraka, wasiniwahi."

Döne alikuwa amepiga magoti, anachambua ngano ya moto kwa vidole. Chidem tamu ni mviringo mtupu. Chungu ina mfereji ubavuni, hata ikimenywa. Akapata kimoja, akakiweka kando. Akachambua hadi vidole vikawa vyekundu, akapata cha pili. Cha tatu hakikuwepo. Akarudia tena tangu ukingoni. Hakikuwepo.

Hasibe alimpindua mtoto na kumtia kidole kooni. Bekir akatapika, akalia, akatapika tena. Ndani ya matapishi hakukuwa na cha kutambulika.

"Elvan!" Döne akamshika mjukuu mabega. "Vyote vitatu mlivimenya?"

Msichana alikuwa analia hata maneno hayatoki. "Ulisema ni chidem, bibi. Ulisema chidem tu."

"Nilisema. Kosa ni langu. Vyote?"

Elvan akatikisa kichwa, akanyoosha kidole ukutani. Tawi la miiba lilikuwa limeegemezwa pale, limejaa njano. Juu kabisa, mwibani, ua moja la rangi ya waridi iliyopauka, kitunguu chake kinaning'inia na ganda lake jeusi.

"Lile lilikuwa zuri kuliko yote," Elvan akasema. "Tukaliweka juu."

Hasibe alikaa kwenye tope akamkumbatia Bekir, akamtukana Döne matusi ambayo sitayaandika. Döne akaenda kuyatoa makopo dirishani. Akaniomba punda wangu.

Tulipanda mlimani na makopo yote hadi ukingo wa theluji, akavirudisha vitunguu ardhini kimoja kimoja. Nilimwambia abakishe walau kopo moja. Akaendelea kuchimba.

Tukasikia mtu anahema nyuma yetu. Alikuwa Hasibe. Ameshika leso kwa ncha za vidole, mbali na mwili, kama aliyebeba nyoka.

"Umesahau hiki," akasema.

Döne alikipokea. Hasibe akasimama akimtazama anavyokipanda, ua likielekezwa jua lilipo.

"Na kweli ni zuri, mwongo mkubwa wewe," akasema. "Mwakani vitunguu vya watoto vitapita mikononi mwako kwanza, uvichambue, kabla hakijamenywa hata kimoja. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka niliopita Kuzören, dirisha likiwa tupu.