Mkono wa Baba Barazani

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo ulianza kabla ya jogoo na haukutulia mchana kutwa. Vumbi la njia ya Kigwa liliingia mpaka ndani ya vyungu.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, upepo na vumbi, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua nianzie wapi. Sasa nimezeeka. Hasira bado ipo, ila pa kuanzia napajua.

Nilikuwa mwandishi wa baraza la kijiji. Si kwa akili nyingi. Nilifika darasa la nne misheni, na wenzangu waliofika mbele zaidi walikwenda kufanya kazi relini, nikabaki mimi. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya mwanangwa, mkubwa wetu wa kijiji, nikaandika kilichosemwa.

Jumanne ya wiki ile ililetwa kesi ya shangazi yangu, dada yake baba. Mumewe alikuwa amefariki masika yaliyopita. Kabla ya kufa alimpa mkewe mizinga mitatu ya nyuki huko msituni, akamwomba baba yangu aichonge alama mpya, mistari miwili iliyosimama na mmoja uliolala chini yake, ili isichanganywe na mizinga ya ukoo. Sasa mdogo wake marehemu alidai mizinga yote ni yake. Shangazi hakuwa na shamba la maana wala mtoto wa kumlimia. Asali ya mizinga ile ndiyo iliyokuwa chumvi yake na nguo yake. Na shahidi alikuwa mmoja tu, baba.

Mwanangwa akampa baba kijiti, akamwambia aichore hiyo alama mchangani.

Hapa lazima niueleze mkono wa baba. Ulikuwa hivyo tangu mimi sijaoa. Si pombe, hakuwa mnywaji. Akishika kikombe, uji ulimwagikia magotini. Kwetu tuna maneno mengi ya mambo haya na hatuyachanganyi ovyo. Mwenye homa hutetemeka. Kigoda chenye mguu mfupi hutikisika. Nyumba iliyoliwa na mchwa huyumba. Maziwa husukwasukwa ndani ya kibuyu, na abiria wa lori la Nzega wakishuka husema limewatingisha mpaka matumbo. Aliyeletewa habari ya msiba hushtuka. Baba hakutumia hata moja katika hayo. Ujanani alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu njia ya Ujiji kabla ya reli, na wapagazi walikuwa wakisema mzigo uliofungwa vibaya unacheza. Basi naye alisema mkono wangu unacheza, akacheka, akakiweka kikombe chini.

Barazani akachora. Kijiti kiliruka mchangani, mistari miwili ikagongana, ule wa tatu ukapita katikati yake. Hata mimi niliyeijua alama ile nisingeitambua.

"Mzee," mwanangwa akasema, "unachora alama au unawamwagia kuku mtama?"

Watu wakacheka. Nilimwona hata jirani yetu akicheka, mtu ambaye baba alimchimbia mama yake kaburi. Baba akaeleza kwa mdomo, miwili imesimama, mmoja umelala. Yule mdai akajibu kwamba hayo amefundishwa jana na dada yake. Mwanangwa akamaliza kwa neno ambalo wakubwa wetu walilipenda sana: mwenye kweli hatetemeki mbele ya baraza. Akampa mdai mizinga yote.

Sitaki kumsingizia mwanangwa. Mwaka wa njaa alifungua ghala lake, na shangazi huyo huyo alikula humo. Tena shahidi alikuwa mmoja, na ni ndugu wa damu; ningekuwa mimi kwenye kiti chake, huenda ningesita vilevile. Lakini mwanangwa alimjua baba. Alikuwa amekula naye mara nyingi, ameuona mkono ule miaka na miaka. Alicheka akijua anachocheka.

Na mimi? Niliandika hivi: shahidi alichora, mkono wake ulitetemeka, alama haikueleweka. Basi. Kila neno ni la kweli. Sikuandika kwamba mkono ule ni hivyo siku zote, hata akila. Nilijiambia, huyu ni baba yako, ukimwongezea neno watasema kalamu ina damu. Nilitaka kuwa mwadilifu. Mpaka leo sijui kama ulikuwa uadilifu au woga uliovaa kanzu.

Jumatano shangazi akaja nyumbani. Alitaka kukata rufaa kwa mtemi, mkubwa wa nchi yetu, na huko hakuna aliyemjua baba. Wangesoma kitabu changu cha baraza tu. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea, akasikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Na pale pa kwamba mkono wake uko hivyo kila siku," akauliza, "umepaandika wapi?"

Nikakifunga kitabu. Baba alikuwa mlangoni akijifanya hasikii. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Safarini mzigo ukicheza, hatukumlaumu aliyebeba. Tulimtafuta aliyefunga."

Nilimkasirikia mdai, nikamkasirikia mwanangwa, nikawakasirikia waliocheka, na hata baba kwa kuufanyia mkono wake mzaha miaka yote hiyo mpaka watu wakazoea kuucheka. Walipokwisha hao nikabaki mimi.

Kitabu kilikuwa kiondoke Alhamisi na mjumbe wa mtemi. Chini ya ukurasa palikuwa na nafasi. Ningeweza kuongeza mstari peke yangu na asijue mtu. Nilikichukua kitabu katika upepo ule nikaenda kwa mwanangwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwambia nataka kuongeza neno na nataka aone ninapoliandika.

"Juzi ulikuwa bubu?"

"Juzi niliogopa, mwanangwa."

Akaniashiria kigoda. "Andika. Lakini uandike na kwamba wewe ni mtoto wake."

Ilikuwa haki. Nikayaandika yote mawili. Kisha nikamuuliza, je, niandike kwamba na yeye anaujua mkono huo?

"Usinipande kichwani, kijana."

Hilo sikuliandika. Mengine nimemsamehe, hilo bado.

Wazee wa mtemi walipousoma ukurasa ule waliamuru jambo moja tu: mizinga ishushwe, itazamwe. Msitu wenyewe ulikuwa mwendo wa nusu asubuhi. Tungeweza kwenda Jumanne ile ile, sote, na hakuna aliyewaza kwenda, wala mimi. Alama ilikuwepo, imepindapinda kama mkono ulioichonga lakini inasomeka, miwili imesimama, mmoja umelala. Shangazi alirudishiwa mizinga miwili. Wa tatu yule mdai alikuwa amekwisha kuurina asali akauvunja, na nyuki wamehama. Hakuna aliyemwomba baba radhi barazani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ya Alhamisi hatukujua lolote. Shangazi alikula kwetu, ugali wa uwele na mlenda wa karanga, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ya kuchemsha. Mke wangu alimtilia baba mlenda kwenye bakuli lenye kina. Asali haikuwepo.