Ubao wa Juu wa Mlango wa Filbati

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya ujenzi ya wilaya, Biharamulo, kabla mlinzi hajafungua lango. Nilikuwa na msumeno mmoja, randa ya kuazima, na timazi niliyojitengenezea kwa jiwe la mtoni na kamba ya katani. Timazi, kwa asiyeijua, ni uzi wenye uzito chini. Ukiuning'iniza kando ya ukuta, unakuambia kama ukuta umesimama wima au umelewa. Mimi nilitembea na timazi yangu mfukoni kama mwingine anavyotembea na rozari.

Sikupita chuo chochote. Ufundi nilijifunza kwetu Nyantakara kwa kubandua milango iliyokataa kufunga na kuirudisha, kwa idhini ya wenyewe, mpaka mkono ukaelewa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana cheti cha kumtetea, kwa hiyo hutaka kazi yake imtetee. Nami nilitaka isiwe na kasoro hata moja. Nikimaliza kazi nilirudi kuipapasa, nikaenda, nikarudi tena. Nilikosa chakula cha mchana kwa sababu ya bawaba.

Fundi Mkuu wa karakana alikuwa Msukuma aliyehamia kijiji cha Kaniha kutoka Shinyanga, mtu mnene, mpole, mwenye maneno. Alinipa mlango mbovu wa nyumba ya mwalimu nirekebishe bawaba moja. Jua lilipoanza kuinama bado nilikuwa nimeinamia bawaba ileile. Akasimama juu yangu.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "huo mlango unautengeneza au unauoa?"

Karakana nzima ilicheka. Alipoiona kamba ikining'inia mfukoni, akaongeza, "Haya, Timazi, mkabidhi mwenyewe mkeo, twende tukale." Jina likanishika. Hata barua za uhamisho, naamini, wangeziandika Timazi kama sheria ingeruhusu.

Kazi yetu ilikuwa ukarabati: nyumba za walimu, zahanati, ofisi za kata. Lakini ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, na sehemu kubwa ya kazi ilitupeleka vijijini. Watu walitoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakaja kupangwa kwa mistari, na wengi walihama na milango yao mgongoni. Mlango ulikuwa mali. Ulichongwa kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea, ukasuguliwa kwa majani ya msasa, ukarithiwa. Sasa mlango wa babu ulitakiwa kuingia kwenye fremu ya nyumba mpya iliyopimwa na mtu mwingine. Hapo ndipo tulipoitwa. Ama unapunguza mlango, ama unapanua fremu. Nilijifunza mapema kupanua fremu. Fremu haina babu.

Fundi Mkuu alikuwa na kona ya karakana ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuifagia. Aliweka humo bawaba za kale, makomeo ya chuma, vitasa visivyo na funguo na funguo zisizo na vitasa. "Hapa hakitupwi kitu," alisema. Tulimcheka. Kisha vita vya Kagera vikaanza, malori yakawa yanaelekea kaskazini, na saruji, bati na misumari vikatoweka kama umande. Hapo kona ile ikawa duka letu. Tulichomoa misumari kwenye mbao za zamani tukainyoosha. Unaulaza msumari juu ya jiwe, nundu ikiwa juu, unagonga kidogo, unauviringisha kwa kidole, unagonga tena. Usigonge kwa hasira, utakatika. Chokaa hatukuwa nayo, tukachimba udongo mweupe mabondeni na kuukoroga na uji wa muhogo ili ushike ukutani. Kwa kusiriba, yaani kulainisha ukuta uliokwisha kukandikwa, tulitumia udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe. Ukuta uliosiribwa vizuri hauachi unga kiganjani. Najivunia kusema kuta zangu hazikuacha.

Vita vikiwa vinaendelea, nikahamishiwa Ngara. Bwana Ujenzi wa huko alikuwa Mhaya, mrefu, asiyependa maneno. Aliniita ofisini akaniambia habari mbili. Kwanza, wageni wakubwa kutoka mkoani wangepita kwenye kijiji kimoja kilicho kando ya barabara, na nyumba zote za mstari wa mbele lazima ziwe zimesiribwa, zimepakwa rangi na zina milango kamili. Pili, mimi nilikuwa bado kwenye majaribio.

"Nitakuja kukagua mwenyewe," akasema. "Nikikuta kasoro, utarudi Nyantakara kulima mihogo."

Hakujua kwamba kasoro na mimi tulikuwa tumeshagombana miaka mingi bila yeye. Nililala vibaya, nikaamka mapema, nikaenda. Fundi Mkuu aliazimwa kutoka Biharamulo aje kunisaidia, na nilishukuru, ingawa alianza utani kabla hajashuka kwenye lori.

Mstari wote ulikwenda vizuri mpaka nyumba ya mwisho. Ilikuwa ya Filbati, kijana wa Kihangaza aliyeijenga kwa mikono yake akijiandaa kuoa. Kabla hajaimaliza aliitwa pamoja na mgambo wenzake, akaenda vitani. Tangu hapo mama yake aliishi humo peke yake. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, imara. Mlango aliuunda Filbati mwenyewe, nao ulinitia homa. Ulikuwa umepinda, komeo lake lilikaa upande, na juu kabisa ulikosa ubao mmoja. Pengo hilo lilikuwa na upana wa kiganja, na mwanga wa asubuhi uliingia kupitia hapo hadi jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiwe fundi wa serikali?"

"Ndiyo, mama. Kijiji kimeamua familia za wapiganaji zimaliziwe nyumba. Ni zawadi."

"Ahsanteni. Sakafu imepasuka, ukuta wa nyuma unamwaga udongo. Hayo tengeneza."

Nikatengeneza. Mama Filbati alinichotea maji, alinikanyagia udongo, alinipikia maharage na ndizi. Tulielewana. Siku nilipokata ubao wa kuziba lile pengo, nikaupiga randa ukawa laini kama shavu, nikaunyanyua na misumari mdomoni, aliniwekea mkono kwenye kifua.

"Huo usiupigilie."

Nikatema misumari. "Mama, ni ubao mmoja tu."

"Najua ni mmoja. Ameuacha yeye. Kwetu kazi aliyoianza mtu haimaliziwi na mwingine, ila mwenyewe akiwa amekufa. Akifa, ndugu humalizia, ndiyo heshima yake. Ukipigilia huo ubao leo, umenizikia mwanangu."

Sijui kama desturi hiyo ni ya Wahangaza wote au ya ukoo wake tu. Sikuuliza. Kwa miezi mingi hakuwa amepata habari ya Filbati, na wapo kijijini waliokuwa wamekwishapata habari za wana wao, mbaya. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba pengo lile ndilo alilokuwa amelishikilia.

Nikaenda kwa Fundi Mkuu, aliyekuwa kivulini anakoroga rangi, nikamweleza. Nilitumaini angeniambia la kufanya. Alikoroga kwanza.

"Wewe unaogopa nini?" akauliza.

"Bwana Ujenzi. Majaribio. Na ule mlango wenyewe, mzee. Kila nikiutazama nasikia kama nina jiwe ndani ya kiatu."

"Jiwe ndani ya kiatu chako. Na yule mama ana nini ndani ya chake?"

Akanipa brashi ya katani. "Kapake rangi, Timazi. Ubao uweke ndani, uegemeze ukutani. Umeshaukata, hautakimbia."

Nilifanya hivyo. Nitakiri kwamba mara mbili nilirudi nikaupima pengoni, bila misumari, kuona kama unaingia. Uliingia sawasawa. Hilo liliniumiza zaidi kuliko kama usingeingia.

Bwana Ujenzi akaja kukagua. Alitembea mstari mzima, mikono nyuma, akapitisha kidole kwenye kuta zangu, akakitazama kidole, hakikuwa na unga. Tulipofika nyumba ya mwisho akasimama.

"Fundi. Ubao wa juu uko wapi?"

"Uko ndani, mzee. Nimeukata, nimeupiga randa."

"Kwa nini haujapigiliwa?"

Fundi Mkuu alikuwa anatazama mawingu kana kwamba ameajiriwa idara ya hali ya hewa. Nikasema, "Mwenye nyumba hajarudi kutoka vitani, mzee. Mama yake hataki kazi yake imaliziwe na mtu mwingine. Anasema huko ni kumzika."

"Na wewe ukakubali?"

Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema hapana, kwamba ningeupigilia sasa hivi. "Nimekubali," nikasema.

Mama Filbati alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kichwani. Bwana Ujenzi alimsalimu shikamoo, jambo ambalo sikuwa nimemwona akimfanyia yeyote. Akamuuliza Filbati yuko kikosi gani. Mama hakujua. Akamwuliza aliondoka lini. Mama alisema, "Migomba ile ilikuwa haijazaa." Migomba ilikuwa imeshakatwa mikungu.

Bwana Ujenzi alinigeukia. "Wageni wakiuliza," akasema, "sema ujenzi unaendelea."

Wageni hawakuuliza. Msafara ulipita kwa kasi, wakapunga mikono upande wa pili wa barabara, na vumbi lao likatua juu ya rangi yangu nyeupe. Fundi Mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilichukua fagio nikaanza kupangusa kuta.

Nilithibitishwa kazini, nikaendelea na nyumba nyingine za kijiji hicho, Fundi Mkuu akiwa bado ameazimwa kwetu. Vita vikaisha. Mgambo walianza kurudi mmoja mmoja, wengine walishushwa na malori njia panda ya Lusahunga wakadandia magari ya kwenda Rusumo. Kila aliyerudi, Mama Filbati alimwuliza. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu la kukwepa. Majirani wakaanza kuniambia, pembeni, kwamba sasa ningeweza kupigilia ule ubao, ingekuwa heshima. Nikawaambia nasubiri agizo. Walidhani ni agizo la wilaya.

Filbati alikuja saa za mchana, kwa miguu, amekonda, viatu mkononi. Nilikuwa juu ya paa la jirani. Nilimwona kabla ya mama yake, sikumjua, ila nilimwona anasimama mbele ya ule mlango na kuutazama juu.

"Mama," akaita, "hivi huu ubao mpaka leo?"

Sauti iliyotoka ndani siwezi kuiandika. Ulikuwa mlio, si neno. Nilishuka paani kwa kuteleza. Tulipofika tulimkuta amemshika mwanawe kwa masikio yote mawili, kama mtu anayeshika chungu cha moto, na anamgombeza.

"Nani angeupigilia? Sema, nani? Umekaa huko, umeniacha na baridi ya asubuhi inaniingia kichwani!"

"Mama, ningelijua..."

"Chukua nyundo!"

Hakutaka ale kwanza. Hakutaka anawe. Nilimpa nyundo yangu na ubao wangu, na misumari iliyonyooshwa. Filbati alipanda kwenye kigoda, akaupigilia. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili uliingia kimshazari. Ubao nilioupima mara mbili aliuweka juu kidogo upande wa kulia, ukaacha upenyo kama wa jani.

Viganja viliniwasha. Nikavifungia nyuma ya mgongo.

"Timazi," Fundi Mkuu akaninong'oneza, "geuka huku utazame migomba. Migomba mizuri sana."

Nikatazama migomba. Ilikuwa mizuri kweli, ingawa kwa wakati huo sikuiona vizuri, macho yalikuwa na maji.

Niliporudishwa Biharamulo, Mama Filbati alinipa kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, alichokisuka mwenyewe kwa nyasi za bondeni, kile cha kuwekea unga. Mishono yake ilibanana hivi kwamba maji yangesita kupita. Lakini ukingoni unyasi mmoja ulikuwa umechomoza, mrefu kama kidole. Mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni, ukatoka na kisu. Alinichapa kiganja.

"Uache! Huo nitaumalizia ukija kunisalimia."

Nilikwenda kumsalimia. Nilikwenda mara nyingi, nikiwa fundi, nikiwa fundi mkuu, nikiwa msimamizi wa ujenzi mwenye pikipiki ya idara. Kila mara nilibeba kikapu. Kila mara alikitazama, akakizungusha, akakirudishia kifuniko. "Bado," anasema, na kuniwekea ndizi.

Nimestaafu sasa. Siku hizi vijana wa mjini hunijia wakitafuta vitu vya kale vya kupambia nyumba: milango iliyochongwa kwa tezo, makomeo, vigoda. Nawaonyesha ninavyovijua, nawafundisha kusafisha kutu kwa majivu na kusugua mbao kwa msasa wa mti badala ya kuzipaka rangi ya kung'aa. Wanaotaka zawadi ya harusi nawaambia watengeneze kitu kwa mkono, hata kama ni kibaya. Nimetengeneza milango mingi iliyonyooka na sikumbuki hata mmoja ulivyokuwa. Ule wa Filbati nakumbuka kila msumari. Ufundi ni kunyoosha, nami nilinyoosha kwa bidii maisha yangu yote, wala sijutii. Lakini fundi asiyejua kazi ipi si yake, huyo ana vyombo tu.

Mama Filbati alifariki uzeeni, kitandani kwake, nyuma ya mlango ule. Baada ya mazishi Filbati, ambaye naye ana wajukuu, alinishika mkono akatazama kikapu nilichokuja nacho.

"Mzee Timazi, mwenyewe hayupo tena. Kwa desturi, sasa unaruhusiwa. Malizia."

Nilirudi nacho nyumbani. Nilinoa kisu vizuri, nikakaa dirishani penye mwanga, nikaushika ule unyasi kati ya vidole viwili. Kisha nikauachia ulivyo, nikaenda jikoni nikamenya viazi kwa kisu kile.