Kinu Kidogo cha Mama

Kimeng'enya hiki kimenichosha kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ndicho kinachotengeneza ile protini ndogo inayobana mishipa ya damu hadi presha inapanda, na kazi yangu maabarani, mwaka wa pili sasa, ni kutafuta mmea wa kukizuia. Nadondosha, nasubiri, nasoma namba, naandika: hakuna kitu.

Baba yangu ana presha. Tangu apooze hawezi kumeza kidonge chake cha presha kikiwa kizima, kwa hiyo mama alikuwa akimtwangia kwenye kinu kidogo cha mbao, pale nyumbani Makorora, akamkorogea kwenye uji.

Mashine yetu ya kusagia pale maabara ilipokufa, nilimpelekea mama majani ya mlonge niliyochuma Ushongo, akayaanika, akanitwangia. Unga ule ulikizuia kimeng'enya karibu chote. Nilirudia mara tatu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikampigia mama simu kumwambia majani yake yanafanya kazi sawa na dawa ya hospitali. Bora ningenyamaza. Lakini nilishachoka kumpa habari za kushindwa.

Miezi miwili baadaye nikampelekea majani mengine ya mti uleule. Safari hii unga haukuzuia chochote. Nilipima hadi macho yakauma, nikalaumu maji, nikalaumu umeme.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Baba alikuwa barazani. Nikamwamkia, akaniitikia kwa upande mmoja wa mdomo. Jikoni nikamuuliza mama alitwangia wapi majani yangu. Akanionyesha kinu kile kidogo, maana kikubwa kinanuka kisamvu. Hapo nikajua majibu yangu mazuri yalitoka wapi: vumbi la vidonge vya baba, dawa inayozuia kimeng'enya hichohicho, lilikuwa limeganda ndani ya kinu, nami nikalipima nikidhani ni mlonge. Niliona aibu. Kisha nikaukumbuka unga wa pili, ule usiokuwa na kitu, na aibu ikawa hofu.

"Mama, vidonge vya baba unatwangia wapi siku hizi?"

Akanitazama kwa upole. "Vidonge vya nini tena, mwanangu? Si ulisema majani yanatosha? Nampa hayo asubuhi na jioni, tangu siku ile uliyonipigia simu."

Nikamwambia avae baibui tumpeleke baba hospitali. Nikarudi barazani, nikakaa karibu na baba, nikamshika mkono ule usiosikia.