Namba Moja, Mtu Mmoja

Kale kakompyuta kalinichosha kabla hata sijajua kukawasha. Bosi alirudi nako safari, miaka ile ya soko huria ambapo kila aliyepanda ndege alirudi Mwanza na kitu chenye betri. Kalienea kiganjani, na kalikuwa na kitako chenye waya wa kuchomeka kwenye kompyuta kubwa ya ofisini. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa mgeni huyu nilikuwa mimi, karani pekee wa kiwanda cha minofu ya sangara, na sikupona.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: niandike kwenye kompyuta kubwa majina na namba za simu za mawakala wanaotuletea samaki, kisha kale kadogo nikaweke kitakoni na kubonyeza kitufe, ili majina ya huku na ya kule yawe sawasawa. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Na umeme wetu ulijua kusubiri mpaka ufike katikati.

Siku vyombo viwili vilipokubali kuoana, kompyuta ikauliza swali. Imeona mawakala wengi wa ng'ambo, upande wa Sengerema, wana namba moja ya simu. Je, iwaunganishe?

"Bonyeza ndiyo," bosi akasema.

"Bosi, hao ni watu mbalimbali. Ile ni simu ya duka."

"Dada, namba moja, mtu mmoja. Mashine haiwezi kukosea jambo dogo hivyo."

Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza mwenyewe. Likabaki jina la wakala mmoja tu, mwanamume aliyetangulia kwenye orodha. Nilibisha, nikabisha tena, mwisho nikaona heri nikanywe chai.

Kule ng'ambo simu ilikuwa kwa mwenye duka, karibu na mwalo ambako mitumbwi hushusha samaki. Ukipiga, unataja jina, naye anamwita mwenye jina. Kila mtu alisubiri jina lake na kupokea ujumbe wake. Wa mwenzake haukumhusu. Mmoja wao alikuwa mama mjane aliyeanza kukusanya samaki baada ya kufiwa na mumewe. Kila safari, mtaji wake wote ulikuwa umelala kwenye barafu. Nilimpenda kwa sababu alinijulia hali kabla ya kuuliza bei.

Basi wanunuzi wa Ulaya wakasitisha kununua. Bosi alikuwa Dar. Akapiga simu tufunge geti, akaongeza kwamba mawakala ameshawaarifu yeye mwenyewe, kwa kusoma kakompyuta kake.

"Wote?" nikauliza.

"Wote waliomo humu."

Alipokata tu, nikapiga dukani ng'ambo kumtafuta yule mama. Laini imekufa. Nilipiga mpaka kidole kikauma, na kivuko cha mwisho kilikuwa kimeshaondoka. Nilikuwa na uchovu na hasira, nikaenda kulala navyo vyote viwili.

Asubuhi gari la kukodi likasimama getini, maji ya barafu yakichuruzika. Akashuka yule mama, amevaa kitenge kipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mbona geti limefungwa?"

Nikamweleza. Hatununui, wala kiwanda kingine chochote mjini hakinunui. Nikamwambia kwamba simu ilipigwa jana dukani. Niliona aibu kulisema hilo, maana nilijua ilimtaja nani.

"Najua ilipigwa," akasema. "Mwenzangu aliitwa, akarudi akatuambia samaki wake hawatakiwi. Nami nikakaa palepale dukani nikisubiri kuitwa, mpaka mwenye duka akafunga. Sikuitwa." Akageuka kulitazama gari. "Nikamshukuru Mungu, nikajua wangu mnawataka. Nikaongeza barafu."